Kuvua perege bwawani bila ya kutia mguu majini

Nimezaliwa bondeni, kaskazini ya Wete, kisiwani Pemba, na kwetu hata mtoto wa mvuvi wa ngalawa hujifunza mshipi kwanza kwenye bwawa la mpunga. Mimi nilijifunza vibaya. Tulikuwa tukivua tumesimama ndani, maji magotini, mchana wa jua kali tukitoka skuli. Nilipofika miaka kumi na moja nikaanza kukojoa damu. Wenzangu wakaniambia ndiyo kukua huko. Kumbe kilikuwa kichocho. Basi haya ninayoyaeleza ni namna ya kupata kitoweo cha perege na kambare hali miguu yako mikavu tangu unapofika hadi unapoondoka.

Kwanza ijue sababu. Kichocho hukipati kwa kula samaki. Kimo majini, na kinatoka kwa konokono wadogo wanaonata chini ya majani ya mayungiyungi na kwenye vijiti vilivyooza. Mwopoe mmoja kwa ufito, usimshike, umtazame: hazidi ukucha wa kidole gumba, na ukilisimamisha kombe lake ncha ikawa juu, mdomo wake unakuwa upande wa kushoto. Vijidudu anavyovitoa havionekani kwa macho. Hupenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, na huwa vingi zaidi jua likishapanda, kiasi cha saa nne hadi saa nane za mchana. Watoto wetu hupewa vidonge skuli, wakisimamishwa kwenye ubao wenye alama ili urefu wa mtoto ueleze apewe vidonge vingapi. Dawa ile inatibu kweli, lakini haimkingi mtoto anayerudi bwawani kesho yake.

Kwa hiyo mimi hutoka baada ya sala ya alfajiri, na ikifika saa tatu nimeshakunja mshipi. Saa hizo haziyafanyi maji kuwa salama, usije ukayakanyaga. Ila ndizo saa ambazo hatari imepungua, na perege naye anakula vizuri.

Mwanzi uwe wa pima mbili, mkavu, mwembamba nchani. Watu hukata mfupi kwa sababu ni mwepesi, halafu wanalazimika kuingia majini kuyafuata mayungiyungi. Urefu ule ndio unaosimama badala ya miguu yako. Mshipi uwe wa nailoni mwembamba, urefu sawa na mwanzi wenyewe, usizidi. Ndoana za baharini ziache nyumbani; kinywa cha perege ni kidogo, anataka namba 10 au 12. Kwa chubwi inatosha punje moja ya risasi, shibiri moja juu ya ndoana. Kiboya nakichonga kwa kandambili mbovu, ukubwa wa kokwa ya tende.

Chambo bora ni nyungunyungu. Geuza gogo la mgomba lililooza, utawakuta. Ukiwakosa, kanda nyama ya bofulo, yaani ule ulaini wa ndani ya mkate, kwa tone la mafuta ya nazi mpaka ikamatane. Siku za kumbikumbi, mvua za mwanzo zikinyesha, usihangaike na kitu kingine.

Ukifika, kaa ukingo wa magharibi, jua likukabili, ili kivuli chako kianguke nyuma yako. Tembea polepole, perege huisikia ardhi kabla hajakuona. Tupa pembeni mwa mayungiyungi, si katikati, na pandisha au shusha kiboya mpaka chambo kining'inie shibiri moja juu ya tope.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Perege hudona. Kiboya kitatikisika, kitatulia, kitatikisika tena, na mkono wako utataka kunyanyua. Usinyanyue. Subiri mpaka kiboya kianze kutambaa kwenda upande mmoja, kama mtu anayevuta uzi taratibu. Hapo nyanyua kwa kifundo cha mkono tu, wala si kwa bega, umrushe nchi kavu. Kambare hana maneno mengi: kiboya kinazama moja kwa moja. Huyo mshike nyuma ya kichwa, vidole vyako vikiwa nyuma ya ile miiba miwili ya mbavuni, maana ikikuchoma utaugua siku nzima.

Ndoana ikinasa kwenye vijiti, kata mshipi. Usiingie hata hatua moja kwa ajili ya ndoana. Chukua dumu la maji safi kutoka nyumbani kwa kunawa, na kitambaa cha kufutia mikono kila unaposhika mshipi uliolowa.

Ukimpata perege jike ambaye koo limevimba, mfungue kinywa kidogo. Pengine utaona mayai ya rangi ya manjano, au vitoto kama punje za ufuta vyenye macho. Mama anawatunza humo. Mrudishe haraka, kwani ukimla huyo umekula na bwawa la mwakani. Kwa sababu hiyo hiyo siwapendi wanaotia utupa, ile sumu ya mmea ya kuulia samaki, wala wanaokokota chandarua. Wanazoa kila kitu kwa siku moja.

Majira mazuri ni kaskazi, maji yakishapungua na samaki kukusanyika. Wakati wa masika maji ni tope tupu, na perege wametawanyika kwenye majaruba. Ukiwa mgeni, mwone sheha, yaani kiongozi wa eneo, na wenye makonde kwanza, na usiguse kizuizi cha maji. Mpunga wa watu ndio unaokunywa hapo.

Perege mtunge kwenye mtungo wa ukindu, mpare magamba nyumbani, mtie ndimu na chumvi kitambo ili harufu ya tope itoke, kisha mchuzi wa nazi. Kambare mwache hai usiku kucha ndani ya ndoo ya maji safi, atapike tope alilonalo. Funika ndoo kwa ungo na uweke jiwe juu yake, la sivyo asubuhi utamkuta uani, bado anapumua.