Kabla Hujasema ni Sayatika: Mambo ya Kuzingatia Mguu Unapouma

Watu wengi mguu ukiwauma huambiwa ni sayatika, na kuchuliwa huanza kabla ya vipimo. Kabla ya kumwona daktari, jichunguze. Maelezo yako yatamfaa kuliko jina la ugonjwa.

Anza na njia ya maumivu. Ifuate kwa kidole. Sayatika hutokea mzizi wa neva unapobanwa au kuchokozwa pale unapotokea sehemu ya chini ya mgongo, mara nyingi na diski (kitulizo laini kati ya pingili za mgongo) iliyotokeza. Ndiyo maana maumivu hushuka kutoka takoni, yakafuata paja na kupita goti mpaka mguuni chini. Kwa kawaida ni upande mmoja, na mguu huuma kuliko mgongo. Huchoma au kupiga kama shoti, pamoja na ganzi. Ganzi ikiwa upande wa juu wa wayo hadi kidole gumba, mara nyingi mzizi ni L5, yaani wa tano wa kiunoni. Ikiwa ukingo wa nje na kidole cha mwisho, ni S1, yaani wa kwanza chini ya hapo. Maumivu ya kinena yanayokutaabisha kuvaa soksi huelekeza zaidi kwenye nyonga. Ganzi inayoanzia vidoleni miguu yote miwili, hasa kwa mwenye kisukari, kwa kawaida ina chanzo kingine.

Angalia pia kinachozidisha na kinachotuliza. Kukohoa, kupiga chafya na kukaa sana huchochea sayatika ya diski. Shavu la mguu likikaza unapotembea, kisha likaachia ukisimama tu, fikiria mishipa ya damu. Ikiwa hupati nafuu mpaka ukae au uiname mbele, huenda njia ya uti wa mgongo imekuwa nyembamba. Hapo pa kusimama au kukaa, tafadhali, pachunguze vizuri.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na kuuma, usikubali lichuliwe: yawezekana damu imeganda. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukikosa pumzi au kifua kikiuma, ni dharura. Ni dharura vilevile ukipata ganzi sehemu za siri au kuzunguka njia ya haja kubwa, mkojo ukigoma au kukutoka bila kujizuia, au miguu yote ikilegea. Usisubiri kuche, kuchelewa kunaweza kuacha ulemavu wa kudumu.

Kama hakuna dalili hizo, andika dawa unazotumia na uvae nguo nyepesi kuvua. Daktari atainua mguu wako ukiwa chali, kisha atakutaka utembee kwa visigino na kwa ncha za vidole.