Ziba tundu la kifuniko kabla ya kununua buli la Yixing

Nimejifunza hili juzi nikichagua buli la udongo la Yixing, yale ya mkoa wa Jiangsu, China, yasiyopakwa utando wa kioo. Omba maji, jaza buli robo tatu, funika, kisha anza kumimina. Maji yakiwa yanatoka, ziba kwa ncha ya kidole kile kitundu kidogo kilicho juu ya kishikio cha kifuniko. Kifuniko kikiwa kimekaa sawasawa, maji hukatika. Utaona tone moja likining'inia mdomoni. Ukiachia kidole, yanatiririka tena. Hewa ndiyo inayoingia kuchukua nafasi ya maji. Ikikosa pa kupita, hewa ya nje huyazuia maji pale mdomoni. Yasipokatika, kuna mwanya ukingoni, na buli la hivyo likiinamishwa huvujisha chai ya moto hadi vidoleni.

Nalipenda jaribio hili kwa sababu linaonyesha kazi ya mkono. Buli la jadi la Yixing halifinyangwi kwenye gurudumu: fundi hupiga udongo mpaka uwe bapa, akauzungusha na kuuunga, na kifuniko lazima kiendane na mwili hata baada ya udongo kusinyaa tanuruni.

Jaribio lina mipaka yake. Tundu likiwa pembeni badala ya juu, unaweza usilizibe vizuri. Ukingo uliolowa nao huficha mwanya mdogo, kwa hiyo anza kifuniko kikiwa kikavu. Tena halithibitishi udongo ni zisha halisi, yaani ule udongo maalumu wa Yixing: buli la kumiminwa kwenye kalibu, kifuniko kikasagwa vizuri, litafaulu pia.