Chumba kidogo cha wageni: chagua pa kulala kabla hujalipa fundi

Wateja wengi wanaofika Keko, kwa mafundi samani wa Dar, kwa ajili ya kitanda cha chumba cha wageni huja na picha kwenye simu. Wameshakipenda kitanda, wanataka bei tu. Mimi natengeneza vitanda, na ningeweza kukata mbao siku hiyohiyo, lakini kwanza nawauliza: chumba kina futi ngapi, mlango unafungukia upande gani, na nani hasa atalala humo? Asilimia kubwa ya vitanda vinavyorudishwa kwa fundi kupunguzwa vilinunuliwa kabla ya maswali hayo kujibiwa.

Katika mwongozo huu nitatumia chumba cha futi 8 kwa 9. Ndicho kile chumba cha tatu kwenye nyumba nyingi za Dar, kinachoanza kama stoo, kikawa cha kupigia pasi, mpaka siku shangazi anapiga simu kwamba yuko stendi.

Hatua ya kwanza: mtaje mgeni kwa jina

Usiseme "wageni". Chukua karatasi uandike waliolala kwako mwaka uliopita, na kila mmoja alikaa muda gani. Utakuta wako wa aina mbili au tatu tu. Kuna wa harusi na Idi, wanaokuja wanne kwa siku mbili. Kuna mpwa anayesubiri chumba cha hosteli chuoni, huyo anaweza kumaliza muhula. Na kuna mzazi anayetoka mkoani kwa kliniki Muhimbili, ambaye tarehe yake ya kurudi anaijua daktari.

Chumba kipangwe kwa yule anayekaa muda mrefu na mwenye mwili unaodai zaidi. Kijana atalala popote kwa siku mbili na ataamka anacheka. Mama mwenye magoti mabovu hawezi kunyanyuka kutoka kwenye godoro la chini saa nane usiku akitaka kwenda msalani. Na mkwe, hata awe na nguvu za kulima, humlazi chini. Hilo halihitaji tepu.

Hatua ya pili: pima sakafu inayobaki

Watu hupima chumba. Pima kile kitakachobaki kitanda kikishaingia, kwa sababu mgeni anaishi humo: anavua viatu, anafungua begi, anaswali, anavaa.

Chukua chaki na tepu. Chora kitanda sakafuni kwa kipimo cha fremu, sio cha godoro. Godoro la futi 6 lina inchi 72, lakini fremu yake huwa na inchi 75 au 76 kwa urefu, na upana nao huongezeka inchi 3 au 4. Ukishachora, fungua mlango mpaka mwisho. Fungua kabati kama lipo. Tandika mkeka au weka begi kubwa wazi mahali ambapo mgeni angeliweka. Kisha tembea kutoka mlangoni hadi dirishani bila kukanyaga chaki. Ukipita kwa ubavu, kitanda ni kikubwa. Njia nzuri ina futi 2. Chini ya inchi 20 mtu anaanza kugonga vidole gizani.

Tufanye hesabu kwenye chumba chetu. Kitanda cha 6 kwa 6 kinachukua inchi 76 kati ya 96 za upana. Zinabaki 20, na kama mlango uko upande huo hautafunguka. Cha 5 kwa 6 kinabakiza inchi 32, unapita vizuri, ila chumba kimekwisha: meza ya pasi au ya kazi haina pake. Cha futi 3 kikilazwa kwenye ukuta mrefu kinabakiza inchi 57. Hapo chumba bado ni chumba.

Kwa urefu, ukuta wa futi 9 una inchi 108. Toa 75 za fremu isiyo na ubao wa miguuni, unabaki na ukanda wa inchi 33 miguuni. Mlango ukiwa upande huo na bawa lake halizidi hapo, unafunguka wote. Ukizidi, mwambie fundi ageuze bawaba ufungukie nje. Ni kazi ndogo kuliko kukata kitanda.

Hatua ya tatu: linganisha kinachopatikana

Godoro la kutandika chini ndilo rahisi kuliko yote, na kwa siku mbili tatu halina neno. Lakini kwenye sakafu ya vigae, hasa huku pwani, jasho na unyevu hukusanyika chini yake. Lisiponyanyuliwa kila asubuhi na kuegemezwa ukutani, baada ya muda utakuta madoa meusi ya ukungu upande wa chini. Tandika mkeka chini yake, lisimamishe kila siku. Ukiwa Mbeya au Njombe tatizo linakuwa baridi ya saruji.

Godoro la kukunja mara tatu ni zuri kwa mwenye nafasi finyu kabisa. Likikunjwa ni kiti kifupi, likikunjuliwa ni godoro la inchi 4. Mgeni mzito atazisikia zile pindo kiunoni. La upepo mimi nalihesabu kama la dharura: lina pampu ya kutafuta, na tundu dogo linamshusha mtu sakafuni kabla ya adhana ya alfajiri.

Kitanda cha chuma cha kukunja chenye magurudumu kinauzwa sana. Kabla ya kununua, kaa katikati yake. Wavu ukizama hadi ukahisi chuma cha ubavuni kimekuja mapajani, mgongo wa mgeni utazama hivyohivyo usiku kucha.

Kitanda cha kamba tumekisahau bure. Watu wa Unguja na Lamu wanakijua: kimewambwa kwa kamba, hewa inapita chini, ni chepesi hadi mtu mmoja anakitoa barazani mchana na kukirudisha jioni. Kwa joto la Februari sijaona kinachokishinda. Kinataka kukazwa kamba mara kwa mara, na wa kukiwamba wamepungua, lakini ukimpata fundi wake mshike.

Sofa inayokunjuka kuwa kitanda wateja huipenda kuliko ninavyoipenda mimi. Faida yake ni kweli kama chumba ni ofisi siku nyingi na chumba cha kulala siku chache. Angalia mambo mawili. La kwanza, ilaze palepale dukani uilalie wewe, mgongo chini, kwa dakika kumi. Ule mstari wa katikati, ambapo kiti na mgongo hukutana, ndio mgeni atalalia. La pili, pima ikiwa imefunguliwa. Sofa iliyokaa vizuri ukutani inaweza ikifunguliwa ikamaliza njia yote. Na kwa mzazi wa kliniki, anayekaa wiki sita, haifai: kila asubuhi kumwinua ili ukunje kitanda ni kumfukuza kwa adabu.

Kitanda cha deka kinalaza wawili kwenye eneo la mmoja, na kama una watoto wa ndugu wanaokuja likizo ni jibu zuri. Masharti yake hayana mjadala. Kati ya godoro la juu na dari zibaki futi 3 ili mtu akae. Kizuizi cha juu kipite uso wa godoro kwa inchi 5 au zaidi, kwa hiyo usiweke godoro nene juu. Mtoto aliye chini ya miaka 6 alale chini. Na kama chumba kina feni ya dari, usiweke deka kabisa mpaka feni hiyo itolewe. Mtu akiamka ghafla na kunyoosha mkono, panga za feni ziko palepale.

Kinachobaki ndicho ninachokipendekeza kwa chumba cha futi 8 kwa 9, na ndicho ninachokieleza kwa kirefu.

Hatua ya nne: kitanda chenye kitanda uvunguni

Juu ni kitanda cha kawaida cha mtu mmoja, cha mzazi au mkwe. Uvunguni mnakaa kingine kifupi chenye rola, kinachovutwa usiku wa wageni wengi na kusukumwa ndani asubuhi. Mchana chumba kinabaki na inchi zake 57.

Upana: juu futi 3, chini futi 2 na nusu. Ukivuta cha chini, fremu yake ya inchi 32 inakubakizia kama inchi 25 za kupita. Ukilazimisha juu futi 3 na nusu na chini futi 3, unabaki na inchi 12, na wa kwanza kuamka atamkanyaga mwenzake.

Kimo ndipo mafundi wengi hukosea, kwa hiyo mwandikie fundi namba hizi. Anza chini: rola inchi 2, chaga (mbao za kubeba godoro) inchi 1, godoro inchi 4, shuka na blanketi lililokunjwa inchi 1. Jumla 8. Kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa mfumbati (ubao wa ubavuni) wa kitanda cha juu ziwe inchi 10, ili mkono upite wakati wa kuvuta na blanketi lisikwame. Mfumbati wenyewe uwe wa inchi 6, na chaga zikalie mbao za kushikilia ili uso wake uwe inchi 3 chini ya ukingo wa juu. Hapo chaga ziko inchi 13 kutoka sakafuni. Weka godoro la inchi 6, unapata inchi 19. Mzee anakaa, nyayo zinafika chini, ananyanyuka bila kushikwa mkono. Fundi akikwambia "mama, tuongeze tendegu kidogo kipendeze", mwambie abaki na 19.

Chaga zisiachane zaidi ya inchi 3. Fundi wa haraka huweka sita au saba kwa kitanda kizima, sponji ikazama kati yake, na mnunuzi akalaumu godoro.

Mbao: mninga na mtiki ni raha, ila chumba cha wageni hakihitaji gharama hiyo. Paini ya Mafinga iliyotiwa dawa na kukauka vizuri inatosha. Neno ni kukauka. Mbao mbichi ikisinyaa maungio yanalegea, na kitanda kitalia kila mgeni anapojigeuza. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole: uliokauka unatoa mlio mkali, mbichi unatoa mlio mzito. Ukiona vitundu vidogo vyenye unga laini chini yake, huo umeshabunguliwa, uache.

Mwambie pia mfumbati ufungwe kwa bolti na nati, sio misumari. Kitanda cha bolti kinapita kwenye korido nyembamba kikiwa vipandevipande, na ukihama unakifungua.

Hatua ya tano: godoro

Duka likiwa na sponji mbili za kipimo kimoja, zinyanyue zote. Nzito zaidi ndiyo yenye sponji iliyoshiba, itachelewa kubonyea. Kisha bonyeza kwa goti katikati: goti likigusa chini moja kwa moja, endelea na safari. Kwa mgeni mzito chukua inchi 8 juu, ukikumbuka kwamba kimo cha kitanda kitapanda hadi inchi 21.

Chunguza kipimo kama umenunua fremu ya mtumba kutoka nje. Nyingi ni sentimita 90 kwa 190 au 200, na godoro letu la futi 6 lina sentimita 183. Utabaki na pengo kichwani linalomeza mto. Fremu na godoro hizo za mtumba zikague kunguni kabla hazijaingia ndani: tochi kwenye pembe, kwenye matundu ya skrubu, kwenye pindo za kava. Vidoa vyeusi mfano wa nukta za kalamu ni dalili yao.

Na tafadhali, toa ile nailoni ya dukani. Najua inalinda godoro. Inamchemsha mgeni pia, na kila akijigeuza inapiga kelele. Weka kava la kitambaa lenye zipu, utalifua.

Hatua ya sita: chandarua, hewa na umeme

Piga ndoano mbili darini kabla ya kupaka rangi: moja juu ya kitanda, nyingine juu ya mahali cha chini kinapovutwa. Kila kitanda kiwe na chandarua chake, kikubwa cha kutosha kuchomekwa chini ya godoro pande zote bila kumgusa aliyelala, maana mbu huuma kupitia wavu uliolalia ngozi. Feni ya kusimama itakula ile njia uliyoihangaikia. Funga ya ukutani, upande wa miguuni. Soketi iwe upande wa mchago, kichwani.

Hatua ya saba: siku kitanda kinapoletwa

Usimlipe fundi kiasi kilichobaki mpaka kifungwe chumbani. Kaa pembeni, katikati, kisha jigeuze umelala, sikiliza. Vuta cha chini mara kadhaa kikiwa na godoro na blanketi juu yake, sio kitupu. Funga mlango, ufungue. Baada ya mwezi mmoja hivi kaza bolti zote tena, kwa sababu mbao hutulia, na spana ibaki ndani ya droo ya chumba hichohicho.