Bingwa kwa simu au safari ya hospitali ya rufaa: mambo ya kuandaa kabla

Mgonjwa wa Kigoma, Sumbawanga au Tunduru akiambiwa anahitaji daktari bingwa, hesabu ya kwanza nyumbani huwa ni nauli. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na mtu anayeumwa hasafiri peke yake. Kuna msindikizaji, malazi, chakula, na shamba au duka linalobaki bila mtu. Ndiyo maana tibamtandao, yaani kuonana na bingwa kwa video au simu, imewavutia wengi, na ni haki ivutie. Lakini nauli peke yake isiamue. Jiulize bingwa huyo atahitaji nini ili alijue tatizo: maelezo, namba na picha, au mikono yake na vifaa vyake? Maelezo, namba na picha vinapita kwenye simu, mradi uviandae vizuri. Mikono haipiti.

Kabla ya yote, hakikisha si dharura. Maumivu ya kifua yanayobana, kushindwa kupumua, mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu ghafla, degedege, damu nyingi, mjamzito anayetokwa na damu au anayeumwa kichwa vikali huku macho yakiona ukungu, mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa au aliyeacha kunyonya: hawa hawasubiri miadi ya bingwa yeyote, wa mtandaoni wala wa kliniki. Wapelekwe saa hiyo hiyo kwenye hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura. Kwa kiharusi kinachotokana na damu kuganda, dawa ya kuyeyusha hilo bonge hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha ya CT, yaani ya mionzi inayoonyesha ubongo. Familia inayotumia saa mbili kutafuta bingwa kwenye simu imeshakula karibu nusu ya muda huo.

Yanayofaa kwa simu ni mengi kuliko watu wanavyodhani: kupitia majibu ya vipimo vilivyokwisha kufanyika, kurekebisha dozi za presha na kisukari, msongo wa mawazo na sonona, ufuatiliaji baada ya upasuaji, na maoni ya daktari wa pili kabla ya kukubali kupasuliwa. Magonjwa ya ngozi yanafaa pia, kwa sharti la picha nzuri. Yasiyofaa ni yale yanayodai kuguswa, kusikilizwa au kuchunguliwa ndani. Uvimbe wa titi au shingo lazima upapaswe, na mara nyingi uchukuliwe kinyama cha kupimwa maabara. Macho yanayofifia yanahitaji kuangaliwa nyuma ya jicho kwa kifaa. Mtoto aliyeambiwa moyo una mlio usio wa kawaida anahitaji kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, kinachoitwa eko, na hakuna maelezo ya mama yatakayochukua nafasi yake.

Kuna njia ya tatu ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye faida kubwa kwa walio mbali: zungumza na bingwa kwanza kwa simu, akuambie vipimo gani ufanye kwenye hospitali ya mkoa, kisha usafiri mara moja ukiwa na majibu mkononi. Safari ya pili au ya tatu huweza kusababishwa na kipimo ambacho kingeweza kufanyika mkoani kwako kabla ya kupanda basi. Uliza pia unakwenda wapi. Si kila rufaa lazima iishie Muhimbili. Mtu wa Kigoma yuko karibu zaidi na Bugando, Mwanza, ambako hata mionzi ya saratani inatolewa. Wa Sumbawanga ana hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya. Kaskazini kuna KCMC Moshi, na katikati ya nchi kuna Benjamin Mkapa Dodoma. Na kabla ya kukata tiketi, ulizia kwenye hospitali ya wilaya kama kuna huduma mkoba inayokuja, maana mabingwa huzunguka mikoani kwa kambi za siku kadhaa.

Mjue unayezungumza naye

Omba majina kamili ya daktari, fani yake na namba yake ya usajili. Tanzania Bara madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni baraza la KMPDC. Daktari wa kweli hakasiriki kuulizwa. Bingwa ni aliyesomea fani moja baada ya udaktari wa kawaida, na bingwa bobezi amekwenda mbele zaidi ndani ya fani hiyo, kwa hiyo “daktari wa mtandaoni” pekee haitoshi kukuambia unaongea na nani. Anayekuhakikishia tiba kabla hajauliza maswali, au anayekuuzia dawa yeye mwenyewe kwa bei moja ya maradhi yote, achana naye.

Malipo ya hospitali ya umma hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, si kwa kutuma pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Kama una bima, uliza mambo mawili mapema: je, mazungumzo ya simu yanalipiwa, na je, barua ya rufaa inatakiwa kutoka ngazi gani? Mwenye bima akifika hospitali ya rufaa bila barua anaweza kuambiwa alipe taslimu, na hapo ameshatoka mbali.

Karatasi, dawa na picha

Andika ukurasa mmoja tu. Tatizo lilianza lini, lilianzaje, nini kinalizidisha, nini kinalipunguza, uliwahi kulazwa au kupasuliwa, dawa gani hukudhuru, na nani katika ukoo ana maradhi kama hayo. Kisha toa dawa zote mezani na unakili jina lililo kwenye boksi, miligramu, na saa unazomeza. “Kidonge cheupe cha presha” hakimsaidii mtu. Weka na zile usizozihesabu kuwa dawa: mitishamba, vidonge vya kuongeza nguvu, na hasa za maumivu. Diclofenac inayonunuliwa dukani bila cheti huweza kupandisha presha na kuumiza figo, na mgonjwa anaweza kuongezewa dozi za presha miezi mitatu bila mtu kujua chanzo kiko kwenye mkoba wake.

Majibu ya maabara yapange kwa tarehe na uyapige picha moja moja, karatasi ikiwa imelala mezani, jina na tarehe vikionekana. Unapotuma kwa WhatsApp, tuma kama faili badala ya picha ya kawaida. Njia ya kawaida hubana picha na kufuta mambo madogo ambayo bingwa anayatafuta.

Eksirei ina taratibu zake. Bora zaidi ni kuomba kitengo cha mionzi wakupe picha yenyewe kwenye CD au flashi. Ukiwa na filamu tu, ibandike kwenye dirisha lenye mwanga au mbele ya kioo cheupe cha kompyuta, zima mwanga wa kamera, simama nayo sambamba, na upige filamu nzima pamoja na jina na alama ya upande wa kulia au kushoto. Baada ya hapo ndipo usogee karibu. Kwa CT na MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), usijisumbue kupiga filamu: kipimo kimoja kina picha nyingi sana, mara nyingi mamia, na filamu huonyesha chache. Tuma yaliyomo kwenye diski, au angalau ripoti iliyosainiwa.

Karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, ECG, huchapishwa kwa joto. Hufifia ikikaa juani au kwenye mfuko wa plastiki, na ukiipeleka kulaminishwa inakuwa nyeusi yote kwa sababu ya joto la mashine. Itoe kopi siku ile ile.

Ngozi ipigwe mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera na bila ile programu ya simu inayolainisha sura. Osha mafuta kwanza. Picha ya kwanza ionyeshe sehemu ya mwili kwa umbali wa mkono. Ya pili iwe karibu, kama sentimita 15, na rula au sarafu pembeni ili ukubwa ujulikane. Kwenye ngozi nyeusi, wekundu wa uvimbe huonekana kama weusi au zambarau, kwa hiyo sema pia kama mahali hapo pana joto, panawasha au panauma. Usipake krimu ya steroidi wiki ya kungoja miadi. Inaficha ugonjwa bila kuuondoa.

Namba zinazoaminika

Bingwa wa presha atakayekuona kwa simu anategemea mashine yako kuliko kitu kingine, na hapa ndipo makosa hujaa. Tumia mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Pima mzunguko wa mkono wako kwa utepe wa fundi cherehani: mkanda wa kawaida wa mashine mara nyingi umeandikwa sentimita 22 hadi 32, na ukiwa mdogo kuliko mkono wako utakupa presha ya juu isiyokuwepo. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Enda haja ndogo. Keti dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo zote sakafuni, miguu haijapishanishwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu. Pima mara mbili kwa tofauti ya dakika moja, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Andika zote, hata zinazokutisha. Za siku ya kwanza daktari ataziweka kando, na wastani wa zilizobaki ukifika 135/85 au zaidi nyumbani huhesabiwa kuwa juu. Ikifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kuhema, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja, miadi ya simu imefutika, nenda hospitali.

Kwa sukari, kipimo cha kabla ya kula kinahitaji angalau saa 8 bila chakula. Nawa kwa sabuni na ukauke, maana majimaji ya embe yaliyobaki kidoleni yanatosha kupandisha namba. Angalia tarehe ya mwisho ya vijiti vya kupimia na ufunge kopo lake mara moja, kwani unyevu huviharibu. Taja kizio: 7.0 kwa mmol/L ni sawa na 126 kwa mg/dL.

Kifaa cha kidoleni cha oksijeni hupotoshwa na rangi ya kucha, piko, na vidole vya baridi. Kwenye ngozi nyeusi huweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi, kwa hiyo mgonjwa anayehema asitulizwe na namba nzuri.

Siku ya mazungumzo

Chaji ijae, bando la GB 1 liwepo, na mkubaliane mtandao ukikata nani anampigia nani. Keti ukitazama dirisha. Likiwa nyuma yako uso utakuwa kivuli. Vaa nguo inayopandishika kirahisi. Awepo mtu wa kushika simu wakati unatembea, au unapobonyeza mguu uliovimba kwa sekunde 5 ili daktari aone kama shimo linabaki. Kama jambo ni la siri, tumia hedifoni na chumba kinachofungwa, na uliza nani mwingine yupo upande wa daktari na kama mazungumzo yanarekodiwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinatumiwaje.

Usikate simu kabla hujauliza: unadhani ni nini, huenda ikawa nini kingine, na dalili gani ikitokea nisingoje tena nije hospitali? Cheti cha dawa kiwe cha maandishi, chenye jina la dawa, kiasi, siku, na jina la daktari. Dawa iliyotajwa kwa mdomo tu hufika dukani ikiwa imebadilika.

Ukiamua kusafiri

Piga simu uthibitishe siku ya kliniki, kwani fani nyingi zina siku zake maalumu katika wiki. Altrasaundi ya ini na nyongo huhitaji saa 6 hadi 8 bila kula. Ya nyonga huhitaji kibofu kijae, karibu lita moja ya maji saa moja kabla. Dawa za presha kwa kawaida humezwa kama siku zote kwa maji kidogo, lakini anayechoma insulini au kumeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, asitumie akiwa amefunga bila kuelekezwa, sukari inaweza kuanguka akiwa foleni. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda asiiache mwenyewe kwa kuogopa kupasuliwa.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye buti la basi. Insulini isiguse barafu moja kwa moja. Ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Kabla hujatoka kliniki, chukua namba ya faili, muhtasari wa maandishi wa alichokuta daktari, na nakala ya vipimo vyote. Kisha muulize kama miadi inayofuata inaweza kuwa ya simu, na ni namba gani au kipimo gani atataka kukiona siku hiyo, ili uanze kukiandika mapema nyumbani.