Kuchagua Risasi na Kipimo cha Baruti kwa Gobore la Kuwindia Kulungu

Uwindaji wa wanyamapori umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, kwa hiyo mwongozo huu unawahusu ndugu zetu wa Nakuru na Kisumu wanaoishi Marekani, ambako kulungu huwindwa kwa kibali na kwa msimu wake.

Anza na mtutu. Mifuo (mikwaruzo ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi) inayozunguka mara moja katika inchi 28 hufaa risasi ndefu, ilhali ile ya inchi 66 hufaa risasi ya duara iliyozungushiwa kitambaa. Kwa gobore la kipenyo cha inchi .50, risasi ndefu ya greni 250 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) inatosha kabisa.

Tumia baruti nyeusi au mbadala wake. Baruti isiyo na moshi inaweza kupasua mtutu wa gobore la kawaida na kumuua mpigaji. Anza na greni 70 kwa ujazo, yaani zikipimwa kwa kikombe cha kupimia baruti na si kwa mizani, kisha uongeze kidogo kidogo bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji, ukisafisha mtutu kila baada ya mlio, na usimame pale matundu yanapokaribiana zaidi kwenye shabaha, kwa kuwa mnyama anastahili kuanguka mara moja bila mateso. Risasi ikalie baruti pasipo pengo, nawe utie alama kwenye mdeki (fimbo ya kushindilia) ili uhakikishe hilo kila unaposhindilia.