Kupeleka pikipiki yako Jebel Ali kwa meli: kutoka kreti hadi muhuri wa forodha

Tangu vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, barabara ya Nairobi hadi Cairo imekatika. Mwendesha pikipiki wa Kenya, Uganda au Tanzania anayetaka kufika Uarabuni, Uturuki au Ulaya hana budi kuvuka maji. Njia ninayoipendekeza ni kupakia Mombasa, kupokea Jebel Ali kule Dubai, halafu kuendelea kwa barabara kupitia Saudi Arabia. Kazi yangu ni kufungasha pikipiki na kuzifuatilia hadi zitoke bandarini. Kabla hujanunua hata msumari, shika hili: bei unayotajiwa Mombasa haijakamilika. Iliyobaki inakungoja kule mzigo unakoshukia, na hiyo ndiyo inayowatoa watu jasho.

1. Chagua majira

Kuanzia Juni hadi Agosti joto la Ghuba hupita nyuzi 45, na ni miezi hiyohiyo kusi inapoichafua Bahari ya Arabu. Pakia Januari, wakati wa kaskazi. Ukipokea Februari, utavuka jangwa kukiwa na ubaridi na kufika Uturuki Aprili, theluji ya milima ya mashariki ikianza kuyeyuka. Viza za nchi zote za njiani ziwe mkononi kabla pikipiki haijaingia kwenye kontena. Tiketi yako ya ndege usiikate mpaka meli iwe imeondoka.

2. Kaneti na karatasi za Mombasa

Kaneti ni kijitabu cha forodha kinachoahidi kwamba pikipiki itatoka katika kila nchi inamoingia, na kwamba isipotoka, ushuru utalipwa. Kenya kinatolewa na AA Kenya, chama cha wenye magari, na hudumu mwaka mmoja. Utaweka dhamana inayotegemea thamani ya pikipiki na nchi utakazopitia. Orodhesha tu nchi unazokwenda kweli, kwa sababu baadhi yake, Misri hasa, hupandisha sana dhamana.

Jina lako liandikwe sawasawa, herufi kwa herufi, kwenye pasipoti, logibuku, kaneti na hati ya shehena, yaani karatasi ya meli inayoonyesha mzigo ni wa nani. Namba ya chesisi isome kwenye chuma chenyewe, usiinakili kutoka kwenye logibuku. Kama pikipiki ni ya kampuni au bado ina mkopo wa benki, pata barua ya idhini mapema.

Kisha mwambie wakala wako wa forodha kwamba pikipiki inatoka kwa muda, na adai ikaguliwe na isajiliwe hivyo. Karatasi hiyo itunze kama cheti cha kuzaliwa. Siku ya kuirudisha nyumbani ndiyo itakayothibitisha kwamba ni ileile iliyotoka, usije ukadaiwa ushuru kama umeagiza pikipiki mpya.

3. Punguza ujazo

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Kontena la kuchangia hulipiwa kwa mita za ujazo. Chukua pikipiki ya safari ndefu iliyosimama kama ilivyo: urefu mita 2.2, upana 0.95, kimo 1.4. Hiyo ni karibu mita za ujazo 2.93. Sasa toa gurudumu la mbele, vioo, kioo cha upepo na masanduku ya pembeni, legeza usukani na uulaze. Kreti ikifika mita 1.9 kwa 0.75 kwa 1.15, umebaki na 1.64 tu. Masanduku yajaze nafasi zilizobaki ndani ya kreti ileile.

Hesabu hiyo inafaa hata kwa ndege, ambako kila mita ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167. Kreti ndogo italipiwa angalau kilo 274. Ile kubwa, kilo 489. Ukipewa bei ya ndege, ilinganishe na jumla yote ya meli pamoja na gharama za Jebel Ali. Mara nyingine tofauti ni ndogo kuliko unavyodhani.

4. Kreti na kufunga

Anza kwa wauzaji wa pikipiki kubwa mpya. Huletewa kwenye kreti za chuma ambazo baadaye huwajazia nafasi, na wengi hukuachia kwa bei ndogo. Ukitengeneza ya mbao, mbao ziwe zimepashwa joto la nyuzi 56 hadi kiini kwa dakika 30 na ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia, la sivyo kreti inaweza kukataliwa.

Mwaga petroli yote. Chomoa betri ukianza na waya wa hasi, funika vichwa vyake kwa utepe. Mitungi ya gesi ya kupikia na makopo ya dawa ya mnyororo usiyaingize kabisa: hiyo ni mizigo hatari.

Pikipiki isisimame kwa stendi. Ekseli ya mbele ikalie kigango cha mbao kilichopigwa misumari sakafuni, na mikanda ishike sehemu ya chini ya shingo ya usukani, kamwe isishike mikono ya usukani. Bana shokapu za mbele hadi nusu hivi. Ukizibana mpaka mwisho, sili zitavuja mafuta. Nyuma, mikanda miwili kwenye fremu, ikivuta pande tofauti. Tikisa kwa nguvu zako zote. Kreti na pikipiki vitikisike pamoja kama kitu kimoja. Paka chuma kilicho wazi mafuta dhidi ya chumvi, kisha piga picha kila upande.

5. Bima

Chukua ya hatari zote. Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez kwa siku sita Machi 2021, wenye meli walitangaza hasara ya pamoja, yaani gharama igawanywe kwa wote wenye mali melini, na wenye mizigo wakatakiwa kuweka dhamana ndipo wapewe mali yao, hata ambayo haikuwa na mkwaruzo. Mwenye bima huachia kampuni yake ishughulike.

6. Bei ya upande wa pili

Kabla ya kulipa chochote, andikia wakala wa Jebel Ali na umwombe kwa maandishi: ada ya kutolea mzigo, ada ya ghala, siku ngapi ni za bure, kiasi cha kila siku baada ya hapo, na malipo yake mwenyewe. Asiyetaka kuandika, mwache. Omba pia hati ya shehena iachiliwe kielektroniki, usisubiri karatasi halisi isafirishwe huku ghala likihesabu siku.

7. Kupokea

Fika siku chache kabla ya meli. Usisaini kupokea kabla hujafungua kreti na kuangalia. Palipoharibika, paandikwe palepale. Afisa wa forodha akigonga muhuri kwenye kaneti, soma tarehe na namba ya chesisi mbele yake. Nunua bima ya barabarani, tia petroli, rudisha gurudumu, kaza breki.

Ukifika Ghuwaifat, mpaka wa Falme za Kiarabu na Saudi Arabia, usiondoke bila muhuri wa kutoka kwenye ukurasa uleule wa kuingia. Bila huo, forodha itaamini pikipiki bado iko nchini na dhamana yako itadaiwa. Upige picha, uitume AA Kenya siku hiyohiyo, ndipo usogee upande wa Saudi kuanza ukurasa mwingine.