Kumtafuta mnunuzi wa parachichi kwa sentensi nzima

Mimi nakusanya parachichi hapa Tukuyu. Msimu wangu wa kwanza niliandika kwenye simu "kampuni parachichi Tanzania", nikaletewa mapishi, mafuta ya nywele na wauza miche. Kosa lilikuwa langu.

Programu za akili mnemba hutafuta kwa maana, si kwa neno tu. Basi iandikie kama unavyomwagiza kijana wa stendi asiyekujua: "Natafuta kampuni inayonunua parachichi aina ya Hass kwa wakulima wadogo wa Rungwe na Njombe, yenye vyumba vya baridi na inayosafirisha nje kwa meli." Kila kipande hapo kina kazi. Hass huwaondoa wanaotaka za kienyeji. Vyumba vya baridi huwaondoa madalali wenzangu (samahanini jamani).

Maneno kama "bora" na "ya kuaminika" yaache, kila kampuni hujisifu hivyo. Kukanusha nako hupotosha: ukiandika "isiwe dalali", mara nyingi unaletewa madalali hao hao, kwa kuwa neno lenyewe umelitaja. Sema unachotaka: "yenye kiwanda chake cha kufungashia matunda."

Majina yakija machache mno, ondoa sharti moja, siyo yote. Kisha rudia sentensi ile kwa Kiingereza, maana wasafirishaji wengi tovuti zao ziko kwa lugha hiyo. Ukipata jina linalokupendeza, litafute kwenye usajili wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili kampuni, kabla hujapakia hata kreti moja.